Orodha Niliyoibandika Mlangoni

Editha mwanangu,

Umeenda kuaga wanakwaya wenzako, nami nimebaki hapa jikoni na maharage motoni na hili daftari. Nimechomoa karatasi za katikati ili lisichanike. Kwaya yenu haijawahi kumuaga mtu kwa wimbo mmoja, kwa hiyo najua nina muda wa kutosha, na ndiyo shida yenyewe, maana ningekosa muda ningepata kisingizio.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za wanaume. Hizo nimekupigia kelele miaka yote, na kama hazikuingia kwa mdomo hazitaingia kwa karatasi. Wala sikwambii uvae sweta. Kasulu unakokwenda kuna baridi kama huku kwetu Busunzu, ukiisikia utavaa mwenyewe.

Unadhani nimenuna. Jana ulimwambia shangazi yako, nikakusikia kupitia dirishani, "Mama hata hajafurahia kazi yangu." Sijanuna, mwanangu. Nimekufa ganzi. Tangu siku uliponionyesha ile karatasi yenye majina ya vijiji utakavyokwenda kukagua maktaba za watoto, sisikii kitu. Watu wananipa hongera, nasema asante. Nakula, lakini ukiniuliza nimekula nini itabidi nikatazame sufuria. Leo mchana nilikaa kumenya muhogo, nikashtuka nimeumaliza wote, hadi ule niliokuwa nimeutenga wa shangazi yako. Ndivyo nilivyo. Furaha ipo, naamini ipo, ila haijanifikia.

Na siku ile ulinikasirikia, ilikuwa haki yako. Nilikuonyesha kijiji kimoja cha upande wa Buhigwe nikasema, "Hiki waombe wakubadilishie." Ukauliza kwa nini. Nikasema barabara yake mbaya. Ukacheka: "Mama, barabara gani ya huku nzuri?" Nikaanza kukugombeza kuhusu viatu vilivyoachwa sebuleni. Barabara ya kile kijiji sina habari nayo. Sijawahi kuipita. Ninachokijua ni nani anakaa kule.

Anakaa Spesioza.

Najua umesimama hapo kusoma. Simama, halafu endelea.

Unaikumbuka maktaba yetu ilipoanza? Lile ghala la mbegu la kijiji, linanuka dawa ya wadudu, hata akina mama wa watoto wakawa wanavianika vitabu juani kabla ya kuviingiza ndani. Mimi na elimu yangu ya darasa la saba nikapewa ufunguo kwa sababu nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima, na kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kazi isiyo na mshahara. Weee! Nilijiona mwalimu mkuu. Ufunguo nilikuwa nauvaa shingoni hadi kanisani. Marehemu baba yako akawa ananiita Mama Mkurugenzi, na mimi naitika.

Wewe na Spe mlikuwa mnafika kabla sijafungua. Mtoto wa Laurenti, nyumba ya tatu kutoka kwetu ukishuka bondeni. Mlikuwa na miaka tisa, mnakalia mkeka mmoja, mnagombania kitabu kimoja wakati vingine vimejaa hapo. Spe alikuwa anasoma kukushinda. Usikasirike, sasa hivi una digrii, waweza kulibeba hilo. Jumamosi alikuwa anawakusanya wadogo, anasoma sentensi kwa Kiswahili, kisha anaigeuza kwa lugha ya nyumbani, Kiha chetu na Kirundi cha kwao vikiwa vimechanganyika, na wale wadogo wanaviringika kwa kicheko. Unajua nilifanya nini? Nilimkaripia. "Hapa ni Kiswahili tu! Hapa si shambani!" Wadogo wakanyamaza kimya. Nami nikadhani ukimya ule ndio kusoma.

Laurenti alilelewa hapa hapa. Wazazi wake ndio walitoka Burundi. Yeye alikuwa na karatasi yake ya uraia, ameiviringisha kwenye nailoni, ameitia ndani ya kopo, na kopo lenyewe ameliweka asikojua mtu. Mkewe ndiye alikuja baadaye, na hakuwa na karatasi yoyote. Hilo aliniambia mwenyewe siku tulipokuwa tunapura maharage hapa uani. Alininong'oneza ingawa tulikuwa wawili tu. Nikamwambia, "Mama Spe, mimi sina mdomo." Na kweli sikumwambia mtu. Nilisema kwa kalamu.

Ikaja habari kwamba wageni watakuja kuzikagua maktaba za tarafa nzima, na itakayofanya vizuri itaongezewa vitu, hata kabati la vitabu. Kwanza akatangulia dada mmoja, mpole, mzuri wa maneno, kuja kutuonyesha fomu. Fomu yenyewe ilikuwa fupi: jina la mtoto, umri, darasa. Basi. Wakati anakunywa chai hapa kwetu akasema tu, "Ingependeza kujua kama mnawafikia na watoto wa familia zilizotoka ng'ambo ya mpaka." Alisema mara moja. Hata hakuandika mahali. Akaomba sukari, mazungumzo yakaenda kwingine.

Mimi nikalidaka lile neno kama kuku anavyodaka mchwa. Alipoondoka nikachukua rula yako ya shule, nikachora safu ya nne, juu yake nikaandika ASILI kwa herufi kubwa. Kisha nikajaza. Mha, Mha, Mha, Mha. Nikifika kwa watoto wa familia zile naandika Burundi. Hakuna aliyeniagiza, Editha. Hakuna aliyenishika mkono. Niliona fahari kabisa: tazameni, mimi nawafikia wote! Na kwa vile mwandiko wangu ni mzuri, na wewe wajua ninavyojisifia mwandiko, nikaona si vizuri karatasi safi vile ikae kwenye droo. Jumamosi asubuhi nikaibandika mlangoni ili wazazi wapite wayaone majina ya watoto wao.

Sasa mtu wa mbali akisoma hapa atauliza, kosa liko wapi? Karatasi ya majina ya watoto wanaopenda vitabu! Lakini wewe umezaliwa huku. Watu wetu wanaijua karatasi ya majina iliyobandikwa mlangoni. Kuna walioitwa kutoka kwenye karatasi kama ile wakapandishwa magari kurudishwa walikokimbia. Kuna ambao wazazi wao waliwasimulia kwamba huko nyuma majina yalisomwa, waliokuwapo wakaitika, na hawakuonekana tena. Mimi niliyajua hayo yote. Nimekua nayo, nimeyasikia misibani na harusini. Nilijisahaulisha kwa sababu nilitaka kabati.

Marehemu baba yako alirudi mchana ule akasema, "Ile karatasi yako ya mlangoni, watu wanaitazama vibaya." Nikamjibu, "Wivu tu, watoto wao hawamo." Akanitazama. Akasema, "Haya, Mama Mkurugenzi," lakini safari hii hakucheka.

Spe aliisoma kabla ya watu wote. Nilimwona, nilikuwa ndani nafagia. Alisimama mlangoni, kidole kinafuata mstari, akafika kwenye jina lake, akaenda hadi mwisho. Akarudia. Kisha akaja akaniuliza, "Mama Editha, mimi si nimezaliwa hapa zahanati? Mbona hapa wameandika Burundi?" Nami nikamjibu bila kuacha ufagio, "Hiyo ni ya wageni, mwanangu. Nenda kasome."

Hakwenda kusoma. Alikwenda nyumbani kumwambia mama yake.

Hapa ndipo huwa nakwama nikifikiri. Mama yake hajui kusoma. Baba yake alikuwa anasoma jina lake na namba tu. Kama Spe asingejua kusoma, ile karatasi ingewapita, wangesikia maneno ya watu, labda wangekuja kuniuliza, labda ningeshtuka. Lakini mtoto alisoma vizuri, hakuruka hata neno. Wewe umekwenda chuo kujifunza namna ya kupima kama maktaba inafanya kazi. Yangu ilifanya kazi, mwanangu. Siku ile ilifanya kazi kabisa.

Jumapili hawakuonekana kanisani. Jumatatu nilishuka bondeni nikakuta mlango umefungwa kwa kamba na majivu ya jikoni yamepoa. Maharage yao yalikuwa yamekauka shambani, ya kung'olewa wiki ile ile, wakayaacha. Mbuzi hakuwepo, kuku hawakuwepo, lile kopo bila shaka walikuwa nalo. Niliporudi kufungua maktaba nikakuta kwenye kizingiti kitabu, kimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Kile alichokuwa ameazima Spe. Mtu anakimbia na watoto na mbuzi, hajui analala wapi, na bado anapanda mlima kurudisha kitabu ili asije akasemwa kwamba ameondoka na cha watu. Nilikichukua nikakiweka mahali pake kwenye rafu. Sikulia. Nilikuwa nafikiri bado siku tatu wageni waje.

Ile karatasi niliibandua siku ile ile. Ila nisikudanganye: sikuichana. Alhamisi wageni walipokuja niliitoa kwenye droo nikawaonyesha, na majina ya watoto ambao hawapo tena kijijini yamo. Wakasema, "Kazi nzuri sana, mama." Baada ya muda kabati likaja, la vioo, zuri. Nalo kabati lilipokuja, watoto wakaisha. Kwanza hawakuja wale niliowaandika Burundi, hata mmoja. Kisha wale wadogo waliokuwa wakimfuata Spe, wa kwetu kabisa, Waha watupu, nao wakakata mguu. Nikawa nakaa na kabati langu. Kwenye taarifa sisi tulikuwa wa mfano.

Lakini hayo si makubwa kuliko yote. Kubwa ni lako.

Ulikuja jikoni ukaniuliza, "Mama, Spe amekwenda wapi?" Nikasema sijui. Ukauliza mbona hakukuaga. Ungeniuliza jambo lingine lolote ningekujibu ukweli, lakini hilo nilikuwa najua jibu lake, na jibu lenyewe lilikuwa mwandiko wangu. Nikakwambia, "Wale ni watu wa kuhamahama, ndivyo walivyo. Hawana rafiki." Ulikuwa na miaka tisa. Uliniamini, kwa nini usiniamini? Ulikaa miezi unaukunja ule mkeka unauweka pembeni, hutaki kuukalia. Siku moja nikasikia unamwambia mtoto mwingine, "Spe hakunipenda, alijifanya tu." Nami nilikuwa hapo, nachambua mchele. Nikaendelea kuchambua.

Mtu aliyekufa ganzi hakuanza jana, Editha. Nadhani mimi nilianzia kwenye ule mchele.

Sasa niandike la mwisho, maharage yanataka kukauka. Miaka miwili iliyopita nilimpeleka bibi yako hospitali ya Kabanga, kwa ajili ya macho, wakumbuka. Tumekaa kwenye benchi tunasubiri, mwanamke wa pembeni ananitazama, ananitazama, mwisho akanisalimia kwa Kirundi, "Amahoro, mama Editha." Sauti nikaijua kabla ya uso. Mama Spe. Amekonda, meno mawili ya mbele hayapo, lakini ni yeye. Akanishika mikono yote miwili. Akaniuliza wewe hujambo, umeolewa, unasoma. Akasema wanakaa upande wa Buhigwe, akakitaja kijiji, akasema Spe ana watoto wawili na jioni anawafundisha watoto wa jirani kusoma, kwenye kibaraza, kwa sababu kule maktaba iko lakini watoto hawaingii.

Kisha akaniuliza, "Kile kitabu mlikipata?"

Nikasema, "Tulikipata."

Akasema, "Ego, ndiyo. Spe alikuwa analia, anasema mtasema amekiiba." Halafu akasogea karibu. "Na wale wageni wenu wa orodha, walirudi tena kuwaandika watu?"

Ndivyo wanavyoamini, mwanangu. Wanaamini ni wageni. Miaka yote hii mimi kwao ni mtu mwema niliyebaki na kitabu. Nilikuwa na nafasi pale kwenye benchi, hakuna aliyekuwa anatusikiliza, bibi yako mwenyewe haoni wala hasikii vizuri. Nikasema, "Hawakurudi." Akasema Mungu ni mkubwa. Bibi yako akaitwa, nikainuka nikamshika mkono, tukaingia ndani. Tulipotoka mama Spe hayupo. Tangu hapo nimepanda basi kwenda Kasulu mara nyingi tu, kununua vitenge, kwenda msibani. Buhigwe sikwenda. Wala wewe sikukwambia kwamba rafiki yako yuko hai na ana watoto.

Halafu unakuja na karatasi yenye jina la kijiji kile kile.

Mimi si wa kukufundisha kazi, wewe ndiye msomi. Ila nakujua, umechukua damu yangu: unapenda kuambiwa kazi nzuri. Kuna siku utakuwa na fomu ina nafasi wazi, na kalamu mkononi, na mtu mkubwa anasubiri, na utaona raha ijae tu. Siku hiyo kaa kidogo. Muulize mtoto yeyote wa pale ni nani alikuwa anakuja na sasa haji. Watoto watakutajia, hawajui kuficha. Kisha nenda hadi nyumbani kwa huyo asiyekuja, bila fomu, ukae wakupe maji unywe. Mimi wageni wangu walivihesabu vitabu vyote, na madirisha, na rafu, wakataka kujua kama bati linavuja. Hakuna aliyeuliza mtoto gani hayupo. Na mimi nilishukuru Mungu hawakuuliza.

Ukiniuliza, ile maktaba ya kule isiyoingiwa na watoto sijui ina ugonjwa gani. Huenda hakuna anayewasomea kwa lugha wanayoielewa, huenda ufunguo uko shingoni mwa mtu kama mimi. Spe atajua. Amekuwa akifanya kazi hiyo kibarazani bila fomu wala kabati. Anza kwake.

Lakini usianze na maktaba. Ukifika, wataanza kukushangilia, mama Spe atataka kukuchinjia kuku, na watakwambia habari za wageni wa orodha. Usiwaache waendelee. Wala usiniombee msamaha, hilo si la kutumwa mtoto, nitalifuata mwenyewe wakikubali nije. Wewe waambie tu kwamba haikuwa serikali wala wageni. Mwambie Spe ulikuwa mwandiko wa mama yako. Na mwambie ulikuwa hujui, ulidhani hakukupenda. Ninyi wawili mlipata hasara moja, kila mmoja kwa upande wake, na hamjawahi kuambiana.

Wakikufukuza, utoke kwa adabu. Hasira yao itakuwa imeniangukia mimi kupitia kwako, na hilo nalo nimekukosea.

Nasikia watu njiani, labda ni ninyi. Nikunje.

Barua hii sikupi mkononi. Naiweka ndani ya begi, chini ya mashuka, ambapo hutaigusa mpaka ufike Kasulu utandike kitanda. Nilijisemea nitakwambia leo uso kwa uso, tukila. Najijua, siwezi. Na kuna jambo jingine, ngoja niliseme maana leo nasema yote: asubuhi nitakusindikiza hadi barabarani kwenye basi, na utanikumbatia kama unavyofanya, kwa nguvu, hadi kilemba kinaanguka. Ningekupa barua hii leo ungekuwa na haki ya kuchagua kama unikumbatie au usinikumbatie. Nimekunyima haki hiyo kwa makusudi. Nataka mtoto wangu aniage mara moja tena akiwa bado hajui.

Mama